Magunia ya Kileleni, Ladha ya Bondeni

Inspekta alikuwa mnywaji wa chai, na hilo alilisema pale pale mlangoni mwa ghala, kabla meneja wa chama cha ushirika hajamvutia kiti. Hakutaka aje aambiwe baadaye kwamba alificha. Alilelewa kwa chai ya maziwa, akaolewa akiwa nayo mkononi, na kahawa aliijua kwa harufu tu, tena ya jikoni kwa jirani. Kituoni walimwita Chujio, kwa sababu maneno ya watu yakipita kwake makapi hubaki juu. Jina lilianza kama utani wenye wivu ndani yake. Yeye akalipenda, na mtu akishalipenda jina la utani, waliomwita hawana la kufanya.

"Sasa afande," meneja alisema, akifuta miwani yake kwa ncha ya shati, "kama hunywi kahawa, utaijuaje kahawa iliyoibwa?"

"Pombe pia sinywi, na walevi nawakamata kila wiki."

Koplo aliyefuatana naye akacheka peke yake. Alikuwa mtu wa mwili na wa haraka, na kesi aliipenda iwe imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Mambo yalikuwa hivi. Mlima ni mmoja, na chama ni kimoja, lakini wanachama ni wa aina mbili: watu wa kileleni na watu wa bondeni, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya kitu chochote isipokuwa kwamba mvua hunyesha kutoka juu. Kahawa ya kileleni haichanganywi na nyingine. Inauzwa yenyewe, kwa alama yake, kwa mnunuzi wa ng'ambo anayeifuata ladha yake. Ya bondeni huchanganywa na za wengine na kwenda inakokwenda. Msimu huu magunia ya kileleni yaliteremshwa, yakapokelewa, yakafungiwa ghalani. Mwonjaji wa mnunuzi akaja, akaonja, akasukuma kikombe. Akasema hii ni kahawa ya bondeni, na hakuna haja ya kubishana.

Ghala lina ufunguo mmoja. Mtu anayeushika amezaliwa bondeni. Watu walihitaji nini zaidi ya hapo?

"Mnunuzi anataka jibu leo, kabla ofisi haijafungwa," alisema meneja. "Ukiandika kwamba magunia yamebadilishwa, mtunza ghala anakwenda mahakamani. Na mimi nitaumia, afande. Ni mtu mzuri."

"Wezi wengi ni watu wazuri," alisema Koplo.

"Na makoplo wengi pia," alisema Inspekta. "Tuonyeshe alipo."

Mtunza ghala alikuwa ameketi katika chumba kidogo nyuma ya ghala, shati limepigwa pasi, mikono juu ya magoti. Ufunguo alinyang'anywa juzi. Kupitia mlango uliokuwa wazi yalionekana magunia aliyoyapanga kabla hajasimamishwa kazi, pembe juu ya pembe, na sakafu imefagiwa mpaka kwenye nyufa. Inspekta alikaa mbele yake.

"Wewe ni wa bondeni?"

"Kwa baba na kwa mama."

"Ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu peke yangu."

"Uliwahi kumpa mtu? Au kuupoteza?"

"Ningepoteza ufunguo, mke wangu angekuwa ameshakuja kuwaambia yeye mwenyewe."

"Mkeo ni wa wapi?"

"Wa kileleni."

"Anajua umesimamishwa?"

"Nimemwambia nimepewa likizo."

"Ameamini?"

"Amenipandisha juu ya paa nizibe matundu. Nadhani ameamini."

Inspekta alitabasamu, na mtunza ghala naye akatabasamu kidogo. Kwa mtu anayekaribia kushtakiwa, alikuwa ametulia kupita kiasi, na utulivu huo ulimkera Koplo.

"Magunia haya yametoka wapi?" Inspekta aliendelea.

"Kileleni."

"Una hakika?"

"Niliyapokea kwa mikono yangu."

"Na kahawa iliyomo ndani?"

Kwa mara ya kwanza mtunza ghala alitazama chini.

"Magunia yametoka kileleni, afande," alisema.

"Sikuulizi magunia."

"Andika ulichokiona. Sitakulaumu."

Mtu huyu alikuwa ameulizwa maswali manane na kujibu yote kwa unyoofu, ila la tisa alilijibu kwa jibu la swali jingine. Mwongo angesema tu kwamba kahawa nayo imetoka kileleni, neno moja, na mambo yangeisha. Huyu hakutaka kusema uongo, na ukweli pia hakutaka kuusema. Inspekta alimpa maelezo yake atie sahihi, akamshukuru, akainuka.

"Tumfunge?" Koplo aliuliza nje.

"Tuanze na magunia. Hayo hayana aibu."

Midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu. Inspekta aliinama juu ya la kwanza na kurunzi, akakunja kitambaa kando ya mshono, akatazama matundu ya sindano. Kila tundu lilikuwa na uzi wake. Alikwenda kwenye la pili, akaenda la tatu, kisha akamwagiza Koplo aanze upande wa pili wa rundo.

"Natafuta nini, afande?"

"Tundu lisilo na uzi. Ukifumua gunia ukalishona upya, sindano hairudi katika matundu yale yale hata uwe fundi wa namna gani. Inaacha mengine wazi."

Koplo alitafuta kwa uaminifu, akipumua kwa nguvu, na mwishowe akarudi na vumbi kwenye nyusi.

"Hakuna. Lakini afande, mtu anaweza kubadilisha gunia zima. Analeta jingine limeshashonwa."

"Sawa. Tazama mishono inavyolala."

Koplo alitazama. Mishono yote ilikuwa imelalia upande mmoja, na mafundo yote yalikuwa yamekazwa kutoka kulia kwenda kushoto.

"Mshonaji anatumia mkono wa kushoto," alisema polepole.

"Mtunza ghala alitia sahihi mbele yangu kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Basi tafuta mtu mwingine wa kumfunga."

Koplo alikuwa naye tayari. Lori lililoteremsha magunia lilionekana limesimama bondeni mchana kutwa, na dereva wake hakuwahi kueleza kwa nini. Waliletewa dereva ofisini, mtu wa mviringo, ambaye alianza kutoka jasho kabla ya kuulizwa.

"Ulisimama bondeni?" Koplo aliuliza.

"Nilipumzika kidogo."

"Mashahidi wanasema kivuli cha lori kilihama kutoka upande huu kikaenda upande ule."

"Nililala."

"Wapi?"

"Kwa dada yangu."

"Magunia yakiwa nje? Nani alikuwa anayalinda wakati unalala?"

Dereva alimtazama Inspekta, akamtazama Koplo, kisha akautazama mlango.

"Sikulala," alisema. "Afande, daktari amenikataza vitu vya kukaanga. Mke wangu ameshika neno la daktari kuliko daktari mwenyewe. Dada yangu hajakatazwa kukaanga. Nilikula samaki kwenye kibaraza, lori liko mbele ya macho yangu, gurudumu naligusa kwa mguu."

Koplo alimpigia simu huyo dada palepale. Dada alithibitisha, akataja idadi ya samaki bila kuombwa, na akauliza kama kaka yake amefika salama.

"Mkiandika," dereva aliomba akiwa mlangoni, "andikeni nililala."

Inspekta aliandika kwamba alipumzika. Koplo aliketi kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Dereva siye, na mlango haukuvunjwa," alisema. "Gunia halikufunguliwa tangu liliposhonwa. Basi kosa liko wapi?"

"Bado hatujaiuliza kahawa yenyewe," alijibu Inspekta.

Mwonjaji wa mnunuzi alikuwa akifanyia kazi katika chumba cha juu chenye madirisha makubwa, meza ndefu, na birika la maji lililochemka muda wote. Jina lake hapo chamani lilikuwa Ulimi, na aliitikia. Alikuwa mzee kiasi, mchangamfu, mwenye aproni nyeupe isiyo na doa, na alipoambiwa Inspekta ni mtu wa chai alishika kifua kama aliyepewa habari za msiba, kisha akamvutia kiti.

"Nitakuonjesha tatu," alisema. "Ya kileleni ya msimu uliopita, niliyoiweka akiba. Ya bondeni ya msimu huu. Na hii inayoitwa ya kileleni ya msimu huu."

Alisaga, akamimina maji ya moto juu ya unga, akaacha povu zito lijae juu ya vikombe. Baadaye alilivunja kwa kijiko, pua ikiwa karibu kuzama ndani, akachota, akavuta kwa mdomo kwa kelele ambayo mezani kwa mama wa mtu yeyote ingemletea kofi.

"Lazima upige kelele," alisema. "Usione haya."

Inspekta hakuona haya. Ya kwanza, ya kileleni ya zamani, ilikuwa nyepesi, yenye uchachu mwembamba uliomkumbusha chai iliyokamuliwa ndimu. Ya bondeni ilikuwa nzito, ya kukaa mdomoni, ikiwa na utamu wa karanga na sukari guru. Akafika ya tatu, akavuta. Karanga na sukari guru. Hata mtu wa chai aliweza kusikia, na alisikitika, maana alikuwa ameshaanza kumpenda yule mtunza ghala.

"Mbegu ni ileile juu na chini," Ulimi alisema, akifuta kijiko. "Walipewa miche kutoka kitalu kimoja. Lakini kule juu usiku ni baridi, asubuhi ukungu, tunda haliivi kwa haraka. Linakaa mtini likijikusanya, na udongo wa kule una tabia yake. Ndiyo unapata huu uchachu. Bondeni joto linalisukuma tunda, linaiva mbio, linakuwa tamu na zito. Mtu anaweza kuhama akabadili lafudhi. Kahawa haiwezi."

"Na hilo linaonekana kwenye punje pia, au mdomoni tu?"

"Linaonekana. Iliyokua polepole ni ngumu, imeshikana. Ni nzito kuliko wenzake."

"Uliipima hii?"

Ulimi alisita, akacheka. "Afande, mimi nina ulimi. Kwa nini nipime?"

"Mimi sina. Nipimie."

Alileta mizani na glasi. Alijaza glasi kwa punje mbichi za bondeni, akasawazisha kwa kisu, akapima. Akamwaga, akajaza za kileleni za zamani. Zilikuwa nzito zaidi, kama alivyosema. Kisha akajaza zile zilizoshukiwa, akaweka, na akainama karibu na mizani. Akamwaga. Akabadili glasi, akapima tena.

"Ni nzito," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ni nzito sawasawa na za kileleni."

"Basi zimekua wapi?"

"Juu. Hazina pengine pa kukua. Lakini mdomoni..."

Inspekta alikuwa ameshavuta sahani tatu za kahawa iliyokaangwa na kuzisogeza dirishani. Hakuwa na ulimi wa kazi hiyo, lakini alikuwa na macho, na macho yalikuwa yamelipiwa na serikali. Kila punje ina mstari unaopita tumboni. Kwenye kahawa ya kileleni ya zamani mstari ulikuwa mweupe. Kwenye ya bondeni ulikuwa wa kahawia, umefifia. Kwenye ile ya tatu ulikuwa wa kahawia.

"Bwana Ulimi, huu mstari unatokana na udongo?"

"Upi?" Alisogea, akavaa miwani, akachukua punje moja, akachukua nyingine. Alikaa nazo kiganjani kwa muda mrefu. "Hapana," alisema. "Udongo hauhusiki. Kahawa ikimenywa na kuoshwa kwa maji kabla ya kuanikwa, mstari hubaki mweupe ukiikaanga. Ukiianika na ganda lake, tunda zima, juani, mstari unakuwa hivi. Na utamu wa tunda unaingia ndani ya punje."

"Kileleni wanaosha?"

"Wote. Wana mto. Bondeni maji ni shida, wanaanika na maganda. Siku zote imekuwa hivyo, ndiyo maana mimi..." Alivua miwani. "Ndiyo maana nilipoonja ganda nikasema bondeni."

Koplo, aliyekuwa ameegemea ukuta, alisimama wima. "Yaani imekua juu ikaanikwa kama ya chini?"

"Au imeanikwa chini kabisa," alisema Inspekta. "Mvua za msimu huu, kule juu kulikuwa na jua la kukausha tunda zima?"

Kila mtu alizikumbuka zile mvua zisizokatika. Inspekta alikuwa na kiu. Alinyoosha mkono akachukua kikombe kilichokuwa karibu, kile cha tatu, ambacho sasa kilikuwa kimepoa kabisa, akanywa bila kelele, kama anavyokunywa chai yake. Akasimama na kikombe hewani.

"Hiki kina ndimu," alisema.

Ulimi alikichukua mikononi mwake, akavuta. Akafumba macho. Karanga zilikuwepo, sukari guru ilikuwepo, na chini yake, taratibu, ukaja ule uchachu mwembamba wa kule juu, ukapanda mpaka ukazijaza pembe za mdomo. Mzee aliketi.

"Iko," alisema. "Ilikuwepo siku zote. Kazi yetu sisi ni kungoja kikombe kipoe, na kuonja tena, na tena. Siku ile nilionja ya moto, nikahisi nimetapeliwa, nikakisukuma." Alikunywa tena, safari hii akameza, kitu ambacho waonjaji hawafanyi. "Ni kahawa nzuri kuliko zote nilizoonja msimu huu, na mimi nimeiita ya wizi."

"Mnunuzi ataichukua?"

"Kwa mikono miwili. Ila kahawa ya namna hii inauzwa pamoja na habari zake. Lazima mtu wa kileleni aseme kwa kinywa chake imekua wapi na imeanikwa wapi. Nikisema mimi, ni ubashiri. Ukisema wewe, ni polisi."

Inspekta aliteremka kwa meneja.

"Nani anashona magunia kule juu?"

"Mwenyekiti wa kinamama. Hakubali mwingine ashone."

"Mkono wa kushoto?"

"Umejuaje? Ndiye mama mkwe wake mtunza ghala."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza, afande. Na yule mama hapendi kukumbushwa kwamba ana mkwe wa bondeni. Alikataa ile ndoa mpaka kamati ya harusi ikachoka. Kwenye mkutano mkuu alisimama akasema kahawa ya bondeni inafaa kusugulia masufuria."

Barabara ya kileleni ilikuwa bado na makovu ya mvua, na Koplo aliendesha akilalamika kwa ajili ya gari. Kwenye daraja dogo Inspekta alimwomba asimame. Juu yao ubavu wa kilima ulikuwa umeporomoka, na mto uliopita chini ulikuwa mwekundu, mzito, unatembea kwa shida. Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa kando yake, mabirika ya kuoshea yamejaa tope mpaka ukingoni. Inspekta alitazama, akafunga dirisha.

Mama mkwe aliwapokea barazani. Alikuwa mwanamke mwembamba, amenyooka, mwenye macho yaliyozoea kukagua. Mibuni ilianzia nyuma ya nyumba yake na kupanda mpaka kwenye ukungu.

"Shikamoo mama," alisema Inspekta.

"Marahaba. Karibuni, hata kama mmekuja na gari la kutisha majirani."

Alileta chupa ya chai, akawamiminia kwa mkono wa kushoto. Inspekta aliitazama chai ile kwa mapenzi ya kweli.

"Mama, wewe mwenye kahawa yote hii unakunywa chai?"

"Mshona viatu hutembea peku. Semeni lililowaleta."

"Kahawa yenu imekataliwa. Imesemwa ni ya bondeni."

"Nani kasema?"

"Ulimi."

"Ulimi hauna mfupa," alisema mama, akaketi. "Kahawa yangu nimeichuma mwenyewe. Magunia nimeshona mwenyewe."

"Hilo nalijua. Nimehesabu mishono yako, imenyooka. Mama, mto uliharibika kahawa ikiwa bado mtini au imeshachumwa?"

"Imeshachumwa," alisema.

"Tunda likishachumwa linangoja?"

"Linangoja nani? Kesho yake linanuka."

"Mliosha wapi?"

Kuku walipita uani. Koplo, kwa hekima isiyo ya kawaida yake, alikunywa chai yake bila kusema kitu.

"Na anayeshukiwa kuibadilisha ni nani?" mama aliuliza, akiwa ametazama mibuni.

"Mtunza ghala."

"Yupi?"

"Yuko mmoja tu, mama. Amenyang'anywa ufunguo tangu juzi. Wanangoja nirudi ndipo afunguliwe shtaka."

Sasa mama aligeuka akamtazama. "Binti yangu ameniambia yuko likizo."

"Ndivyo alivyomwambia mkewe."

"Na ninyi amewaambia nini?"

"Kwamba magunia yametoka kileleni. Nilipomuuliza kahawa, alitazama chini."

"Hakutaja uwanja wa mama yake?"

"Hakutaja uwanja wa mtu yeyote. Umeutaja wewe sasa hivi."

Mama aliifunga chupa ya chai, akaifungua, akaifunga tena. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ya chini, lakini hakutafuta maneno.

"Nilishuka mwenyewe, alfajiri, kabla watu hawajaamka kuniona. Matunda yalikuwa yameshaanza kupata joto ndani ya vikapu. Nikabisha kwa mama yake. Yule mama nimemsema maisha yangu yote, na maneno yangu yanamfika, mlima wenyewe mdogo huu. Nilidhani atanicheka. Hakucheka. Alisema, 'Dada, lete kabla jua halijawa kali.' Mumewe akapanda na trekta kuchukua. Wakaanika kwenye uwanja wao wote, ya kwao wakaisogeza pembeni, na kuigeuza aliigeuza yeye mwenyewe na reki yake mpaka ikakauka. Tukairudisha juu, tukakoboa, nikashona. Mkwe wangu akaja kuangalia, nikamwambia neno moja: mtu asijue. Nilisema kahawa ya kileleni haijawahi kushuka kuomba jua kwa watu, na haitasemwa hivyo nikiwa hai. Akasema, 'Sawa, mama.'"

"Na ameshika neno."

"Nilitaka ashike neno, sikutaka ashikwe yeye." Alitazama mikono yake. "Naona aibu, mwanangu. Ya kwenda kuomba ilikuwa ndogo. Hii ndiyo kubwa."

Inspekta angeweza kuandika maelezo palepale, ayasome, mama atie sahihi, na kazi iwe imekwisha. Karatasi alikuwa nayo. Hakuitoa.

"Kahawa yenyewe ni nzuri, mama. Mwonjaji ameimeza. Anachotaka ni mtu wa kileleni aseme imepita wapi."

"Mbele ya nani?"

"Meneja. Mwonjaji. Na mkwe wako mwenyewe."

Mama aliinuka. "Ngoja nivae viatu," alisema.

Walipofika bondeni mama aliomba wapunguze mwendo. Mwanamke mmoja alikuwa uwanjani akigeuza kahawa kwa reki. Mama alishusha kioo, akainua mkono. Yule mwanamke akaegemea reki, akaiona sare ya Koplo, akaona aliyekaa nyuma, na akapunga mkono bila kuuliza lolote.

Ofisini walikuwa wanawangoja. Meneja alikuwa nyuma ya meza na barua ya mnunuzi mbele yake. Ulimi alikuwa amekuja na kikombe kilichopoa, amekifunika kwa kisahani kama dawa. Mtunza ghala aliketi upande wa pili, peke yake, shati lake la pasi sasa limeanza kukunjamana. Mlango ulipofunguka aliinua macho akategemea kumwona Inspekta. Akamwona mama mkwe wake.

Alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Utulivu wote aliokuwa nao tangu asubuhi ulimtoka mara moja.

"Mama," alisema, "mimi sijasema kitu. Waulize. Sijawaambia kitu."

Mama alilivuka zulia la meneja na viatu vyake vya tope. Aliinama akakiinua kiti kilichoanguka, akakisimamisha, akamshika mkwe wake mkono akamkalisha. Kisha akavuta kiti kingine, akaketi naye upande mmoja wa meza, akawatazama waliokuwa upande wa pili.

"Najua, mwanangu," alisema. "Ndiyo maana nimekuja kusema mimi."